Mwalimu Aliyeandika Maneno ya Wafu

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Juni, mwaka 1957, Verediana alikuwa akipepeta mahindi ya mbegu mbele ya nyumba yao ya Ipogolo, karibu na Iringa mjini, aliposikia lori la Muhidini likipunguza mwendo kule barabarani. Alilijua kwa mlio wake. Muhidini alikuwa dereva wa Mbeya, Mwislamu ambaye baba yake alitoka Bagamoyo, mtu wa maneno mengi, na kila alipopita Ipogolo alipiga honi mara tatu na kutoa kichwa dirishani: "Mama Mwalimu! Mzee hajambo! Anakula viazi vya Mbeya mpaka mashavu yamevimba!" Hiyo ndiyo ilikuwa barua ya Mwalimu Liberatus kwa mke wake, tangu alipokwenda Mbeya mwezi wa Aprili.

Siku ile honi haikulia. Muhidini alizima gari, akashuka, akavua kofia, akasimama mbali kidogo kama mtu aliyekuja kuomba maji.

"Muhidini, mbona kimya leo? Honi imeharibika?"

"Honi nzima, Mama Mwalimu. Weka huo ungo chini."

"Kwa nini?"

"Uweke kwanza, dada yangu."

Alipomwita dada yangu ndipo ungo ulipomponyoka. Mbegu zilimwagika, na kuku wa jirani walifika kabla ya mtu yeyote.

Liberatus alikuwa amefariki Jumanne, kwa kichomi kilichomlaza siku tano. Baridi ya Mbeya ilimpata kifuani, akaidharau, akaendelea kuandika amejifunika shuka, na alipokubali kupelekwa hospitali alikuwa hawezi tena kumaliza sentensi bila kupumzika. Njia ya kurudi Iringa ni ndefu na maiti haingoji. Walimzika Jumatano asubuhi.

"Nilishika jeneza upande wa miguu," Muhidini alisema. "Padri alisoma. Watu walikuwepo, tena si wachache. Nakuambia hivyo ili usije ukafikiri alizikwa kama mtu asiye na kwao."

Verediana aliinama, akaanza kuokota mbegu moja moja, kana kwamba mbegu ndizo zilizokuwa zimepotea.

Kazi iliyompeleka Liberatus Mbeya ilikuwa ya ajabu kidogo, na Ipogolo haikuacha kuicheka. Alikuwapo Mzungu mmoja mrefu, profesa wa mambo ya siasa katika chuo kikuu cha ng'ambo. Huyu hakutoza kodi, hakuhubiri, hakulima wala hakuwinda. Aliuliza tu. Aliuliza nani anamweka jumbe, wazee wanakaaje barazani, mtu asiyekubali neno la mkubwa analisema wapi na analisema vipi. Ukimjibu, anauliza, "Kwa nini?" Ukimjibu hilo nalo, "Kwa nini?" Watu wakamwita Bwana Kwanini, naye alipoambiwa alifurahi, akaliandika. Alitaka msaidizi anayejua Kihehe, Kiswahili na Kiingereza, mwenye mwandiko unaosomeka. Alimpata Liberatus, aliyekuwa akifundisha shule ya kati na, jioni, akiwasomesha watu wazima somo la uraia.

Liberatus alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alikwenda kijijini kwao, nyuma ya milima, mwendo wa saa tano kwa miguu, akaketi na wazee mikono mitupu. Hakutoa kalamu mbele ya mtu. "Ukitoa kalamu," alisema, "mzee anaacha kuzungumza, anaanza kutoa ushahidi." Alisikiliza, akarudi Ipogolo, akaketi mezani karibu na dirisha na kuandika yote aliyoyasikia. Hakuandika maneno peke yake. Aliandika pia mahali ambapo mzee alinyamaza, na nani alimtazama nani.

Siku moja Verediana alimwuliza, "Na majina yao unayaandika?"

"Profesa anayataka. Anasema atayafuta mwenyewe atakapofika kwao."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema kwao ni mbali." Akacheka, akachovya kalamu.

Mwezi wa Aprili Profesa alihamia Mbeya ili alinganishe mambo ya Wahehe na ya Wasafwa na Wanyakyusa. Akamwomba Liberatus amfuate, ayanakili yale yote katika daftari moja kubwa lenye jalada jeusi. Liberatus akaenda. Alisema ni miezi mitatu tu.

Msiba uliwekwa kijijini, kwa mama yake Liberatus, Bibi Paskalina. Kwa kuwa maiti haikuwepo, walitandika kitanda sebuleni na kulaza juu yake koti lake la kufundishia, lile lenye chaki katika mfuko wa kulia. Uwanjani uliwashwa moto wa msiba. Katika ukoo ule moto huo huwa hauzimwi na mtu wa nyumbani. Siku ya kumaliza matanga huja wazee, hunyoa wafiwa, kisha wao wenyewe huzoa majivu na kuyapeleka nje ya boma la nyumba. Hapo ndipo marehemu anakuwa ameondoka kwa heshima. Majivu yakibaki uwanjani, ni kama mtu amesimama mlangoni na hakuna anayemuaga.

Siku ya kumaliza ilifika. Pombe ya ulezi ilikuwa tayari, nyembe zilikuwa tayari, wanawake walikuwa wamefagia tangu alfajiri. Wazee hawakuja. Hakuja hata mmoja. Jua lilipofika utosini Bibi Paskalina aliongeza kuni motoni, na wageni wakaanza kuaga mmoja mmoja, kila mtu akiwa na mgonjwa aliyemkumbuka ghafla.

Verediana alijifunga kanga, akaenda mwenyewe kwa Mzee Saulo. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee sita wa kijiji. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikatwa na panga alipokuwa akikata mianzi, kwa hiyo fimbo aliishika kwa kushoto. Alikuwa na desturi ya kucheka kwanza, kisha kukohoa, ndipo aseme alilotaka kusema.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Kaa."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuuliza kosa letu."

Saulo hakucheka siku hiyo. Alikohoa tu. "Kosa hamna. Mumeo alikuwa mtoto wangu. Alikaa hapo hapo ulipo wewe, nikamwambia mambo ambayo hata mke wangu sijamwambia. Nilimwambia jumbe huyu aliwekwa na wakubwa, ukoo haukumtaka. Nilimwambia ng'ombe za maskini anazipeleka wapi. Wenzangu nao walimwambia yao. Akatuapia: 'Baba, neno lako halitakufuata.' Sasa yeye amekufa, na neno liko wapi?"

"Liko katika daftari."

"Na daftari liko kwa nani?"

Verediana alikaza fundo la kanga.

"Jumbe anacheka pombeni," Saulo aliendelea. "Anasema: 'Yule Mzungu anakula meza moja na wakubwa wa bomani. Ngojeni, nitasomewa kila mtu na lake.' Unamkumbuka Mzee Isakwisa? Alisema neno moja tu barazani juu ya kulimishwa matuta. Moja. Leo analala kwenye shamba la watu huko Usangu, ng'ombe hana, na hatuna ruhusa ya kumrudisha. Sisi tuko sita, mwanangu. Kwenda kuzoa majivu ya mtu aliyeuza midomo yetu, hiyo hatuwezi."

"Hakuwauza."

"Basi lilete daftari. Likionekana, nitakuja kwa miguu yangu miwili, na hii ya mti ya tatu."

Kwa hiyo mwezi wa Julai, shule zilipofungwa, Verediana alipanda lori la Muhidini. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, alisoma kwa masista mpaka darasa la nane, lakini hakuwa amewahi kufika Mbeya. Walipita Makambako kwenye upepo, wakashuka katika joto la Chimala, wakapanda tena. Muhidini alijaribu kumchekesha njia nzima, na alipoona haiwezekani aliimba kaswida zake kwa sauti ya chini. Kufika Uyole alionyesha kwa kidole.

"Viazi vile vya mashavu, mashamba yake ndiyo hayo."

Verediana alitazama matuta ya viazi mpaka yakaisha.

Alifikia Ilomba, nyumbani kwa Muhidini. Mke wake, Mwanakhamisi, alimpokea kama mtu anayempokea ndugu aliyechelewa. Alimpa maji ya moto ya kuoga, akamfunika blanketi mbili, akamkataza kusema habari yoyote kabla ya kula. "Mbeya ukiongea na njaa, baridi inaingia mdomoni," alisema. "Na huyu mume wangu alikusumbua njiani? Husumbua hata usukani."

Asubuhi walimwonyesha nyumba ya Profesa, juu kwenye mteremko wa Loleza. Ukungu ulikuwa haujainuka. Ndani mlijaa karatasi. Karatasi mezani, karatasi vitini, karatasi chini zimewekewa mawe zisipeperuke. Pembeni palikuwa na mablanketi sita mapya yaliyofungwa kwa kamba. Profesa alisimama alipomwona, akampa mkono kwa mikono yake miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu, cha polepole, lakini kilieleweka.

"Mama, nimehuzunika sana. Sijui niseme nini."

"Asante, bwana."

Kwenye kiti karibu na dirisha alikuwa ameketi mtu wa makamo aliyevaa kaptula na soksi ndefu. Alijitaja kuwa Anyitike, karani, mtu wa Tukuyu, ambaye sasa anamsaidia Profesa siku ambazo kazi ya bomani ni chache. Alikuwa mchangamfu. Alimvutia Verediana kiti, akapiga vumbi kwa leso yake, akarudi dirishani na kushika kalamu.

"Nimekuja kuchukua vitu vya mume wangu," Verediana alisema. "Nguo zake, na daftari lake."

Profesa alimtazama, kisha akatazama mablanketi.

"Nguo tumezifunga. Karatasi zake za kwanza alizichoma mwenyewe kila alipomaliza kuzinakili. Lakini daftari, mama, lina jambo. Naomba unisikilize. Kwetu mimi ni mwalimu kama wewe. Nafundisha vijana jambo moja tu: kwa nini watu wengi humtii mtu mmoja. Vitabu vyetu husema watu hutii kwa sababu wanaogopa, au kwa sababu wamezoea. Liberatus aliniletea wazee ambao hawaogopi na hawajazoea. Wananyamaza, lakini hawajakubali. Nilifurahi mno. Nilisema, hiki ndicho kitabu changu. Nikataka kila mzee apate blanketi, kwa asante. Nikamwomba Bwana Anyitike apate anwani zao katika orodha za kodi za Iringa."

"Nikaandika barua Iringa," Anyitike alisema. "Jibu likaja."

"Jibu likaja," Profesa alirudia. Sauti ilikuwa imemshuka. "Mgongolwa amekufa. Nyenza amekufa. Kihwele alikufa kabla mimi sijazaliwa. Watu sita, mama, na wote ni wafu wa zamani. Lakini katika daftari wanazungumza juu ya matuta ya mwaka juzi. Kwa nini?"

"Labda huko kwenu makaburi yana baraza," Anyitike alisema, akacheka peke yake, akaacha.

Verediana aliomba alione daftari. Profesa alimpa. Lilikuwa zito, na mwandiko ulikuwa ule ule, umeinama kidogo kulia kama mtu anayetembea kwenye upepo. Alifungua katikati, akasoma:

"Mgongolwa alicheka kwanza, akakohoa, akahamisha fimbo kwenye goti, mkono wa kushoto. Akasema: Jumbe huyu tunamwamkia kwa sababu njia ni nyembamba. Siku njia ikipanuka tutampita."

Alisoma mstari huo mara mbili. Haukuwa wa mfu. Aliisikia sauti ya Saulo ikitoka katika karatasi, na kikohozi chake, na harufu ya tumbaku yake. Mgongolwa alikuwa babu yake Saulo, aliyeuawa katika vita na Wajerumani; kila mtu kijijini alilijua hilo, na hakuna mtu wa Mbeya aliyelijua. Alifungua mbele. Nyenza alikuwa akijikuna sikio kabla ya kusema uongo mdogo. Huyo alikuwa Mzee Philbert, mjukuu wa Nyenza. Kihwele, yule aliyetazama mlango kila mara, naye alimjua. Wote sita aliwajua. Liberatus alimvika kila mzee jina la babu yake, kama mtu anavyomvika mgeni koti mvua inaponyesha, akanakili kwa uaminifu kila neno, kila kikohozi. Hakumwambia Profesa. Hakumwambia hata yeye. Alisema tu kwamba kwao ni mbali.

"Unawafahamu?" Profesa aliuliza.

Verediana alifunga daftari juu ya kidole chake.

"Nitakuambia ukweli, mama," Profesa alisema, akasogea mbele. "Nilimpenda Liberatus. Sitaki kuamini kwamba alikaa hapa, akala chakula changu, akatunga. Nikijua kwamba aliwaona watu halisi, hata kama majina si yao, sehemu hii ya kitabu itasimama. Jina lake litakuwa ukurasa wa kwanza. Vijana wangu watalisoma kila mwaka, hata mimi nikifa. Lakini lazima nimpate mtu mmoja. Mmoja tu, aniambie: ndiyo, ni mimi niliyesema maneno haya. Nitajie mmoja."

Anyitike alikuwa tayari amechovya kalamu. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa karani anayengoja jina, kama makarani wanavyongoja.

Jina la Saulo lilikuwa ulimini. Lilikuwa jina fupi. Verediana aliona jina la mume wake kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kikubwa, vijana wasiomjua wakilisoma kwa ndimi zao ngumu. Halafu aliona upande wa pili. Orodha za kodi zinaandika mtu, baba yake na babu yake. Mara Saulo akishajulikana kuwa mjukuu wa Mgongolwa, mtoto wa shule angeweza kuwapata wengine watano kwa kufuata kidole. Hata kusema tu "hayo ni majina ya babu zao" kungetosha. Kalamu ya Anyitike ingeandika, karatasi ingerudi bomani na Anyitike, na bila ya yeyote kuwa na nia mbaya, jumbe angesomewa kila mtu na lake.

"Mama?"

"Alitunga, bwana," Verediana alisema.

Ukungu ulikuwa unainuka nje.

"Kwa nini?" Profesa aliuliza, polepole, kama mtu anayeogopa kujibiwa.

"Kijijini ni mbali. Njia ni ya milima." Akatoa kidole katika daftari, akalirudisha mezani. "Nadhani alichoka."

Yeye ndiye aliyemfulia matope ya njia ile. Ndiye aliyempasua malengelenge ya miguu kwa sindano ya moto, mwaka mzima, mvua na jua, huku Liberatus akimsimulia nani alinyamaza wapi.

"Alichoka," Profesa alisema. Akakaa nyuma. Anyitike alifuta kalamu yake, akatazama dirishani kwa adabu, kama mtu aliyemkuta mwenzake hajavaa.

"Sasa, bwana, kama ni uongo, daftari halina kazi kwako," Verediana alisema. "Nipe mimi. Madaftari yake mengine ni mali ya shule. Sina mwandiko wake mwingine."

Profesa alilishika daftari kwa muda, akapitisha kiganja juu ya jalada, akampa. Alimsindikiza mpaka nje. Mlangoni alisema, "Alijua kuandika, mama. Nilipokuwa nasoma nilikuwa nawasikia." Alisema kwa wema, na wema wake ndio uliomuumiza Verediana zaidi ya kicheko cha karani.

Kabla ya safari Mwanakhamisi alimpeleka makaburini. Kaburi lilikuwa na msalaba wa mti, na udongo ulikuwa bado haujashuka. Verediana alisimama na daftari limefungwa katika kanga kifuani.

"Nimekuita mwongo," alimwambia. "Mbele ya watu."

Mwanakhamisi alingoja mpaka alipoona hakuna neno jingine linalokuja, akamshika kiwiko. "Amesikia, dada. Twende. Wenye gari wana haraka, na hujanywa chai."

Verediana aliporudi kijijini na daftari, wazee walikuja Jumamosi. Saulo alitangulia, fimbo mkono wa kushoto, na nyuma yake wale watano, mmoja mmoja, wakipita kwenye njia za mashamba ili wasionekane wamefuatana. Walimsalimia Bibi Paskalina, wakaketi kuzunguka moto wa msiba, ambao ulikuwa umewaka kwa wiki saba na majivu yake yamefikia magotini.

"Tusomee," Saulo alisema. "Tusikie tumeuzwa bei gani."

Verediana alisoma. Alipotamka jina la Mgongolwa, Saulo aliinua kichwa. Alipofika penye kucheka na kukohoa na fimbo kuhamia gotini, mzee alikuwa amecheka, amekohoa na kuhamisha fimbo, bila yeye mwenyewe kujua. Na Philbert akapiga paja lake. "Wewe! Babu yako amekuiba mzima mzima!"

"Ngoja la kwako, mwongo wewe."

Likaja la Nyenza na sikio lake. Wazee walicheka mpaka Bibi Paskalina akatoka jikoni kuona nani anacheka msibani. Halafu kicheko kilikwisha taratibu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameelewa, na waliendelea kusikiliza vichwa vimeinama, babu zao wakisema kwa ujasiri yale ambayo wao waliyanong'ona. Usomaji ulichukua tangu asubuhi mpaka kivuli cha nyumba kikaufikia moto.

"Na yule Mzungu ulimwambiaje?" Saulo aliuliza.

Alimwambia. Hakuna mzee aliyemtazama wakati akisema.

"Mtoto wangu alitufunika," Saulo alisema. "Na wewe, ili utufunike, umemvua yeye." Alikohoa. "Mnyalukolo, ndugu yetu, tumewakosea nyote wawili. Lakini hiki kitu kina miguu. Leo kiko kwako, kesho ni mgeni, keshokutwa ni karani wa jumbe. Wewe umetutambua kwa kikohozi. Na yeye atatutambua."

Verediana alikuwa anajua kwamba hilo litasemwa. Alikuwa amelijua tangu Chimala, njiani akirudi.

"Niachieni ukurasa mmoja," alisema. "Mmoja usio na mtu ndani yake. Niwe na mwandiko wake tu."

"Tafuta," Saulo alisema. "Hilo halina neno."

Alianza mwanzo. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta mahali ambapo Liberatus ameandika habari zake mwenyewe: kwamba amechoka, kwamba kuna baridi, kwamba viazi ni vitamu. Alitafuta mpaka jalada la nyuma. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Mtu aliyeandika yote hakujiandika. Kila ukurasa ulikuwa na mzee anayesema, na nje ya mzee hapakuwa na kitu.

Alifunga daftari, akampa Saulo kwa mikono miwili. Saulo hakulitupa. Aliinama, akaliweka juu ya makaa kama mtu anayelaza mtoto, akaligeuza kwa fimbo lilipokataa kushika. Jalada jeusi lilikawia. Lilipokwisha, wazee walimnyoa Bibi Paskalina, wakamnyoa Verediana, kisha wote sita wakashika vipande vya vibuyu na kuzoa majivu, ya kuni na ya karatasi pamoja, wakayatoa nje ya boma la nyumba. Uwanja ukafagiwa. Koti likaondolewa kitandani. Matanga yakaisha.

Profesa alirudi kwao mwaka ule ule. Habari ya daftari ilishuka kutoka Mbeya ikifuatana na malori, na Ipogolo iliipokea kwa furaha kama inavyopokea habari zote za watu waliosoma. Mwaka wa uchaguzi ulipofika, wa 1958, watu wakizungumza kura sokoni, hakukosekana mtu wa kusema kwamba angemwita Mwalimu Liberatus awaandikishe na marehemu.

Sasa ni mwaka 1959. Jumbe yungali jumbe, na wazee wote sita wako majumbani mwao. Mgeni akiuliza Ipogolo nyumba ile ya dirisha ni ya nani, huambiwa ni ya mjane wa yule mwalimu aliyemtungia Mzungu maneno ya wafu. Verediana husikia, na hasahihishi.